Nilivyotenganisha kuzimika halisi na kivuli: kupima Fe³⁺ kwa UiO-66-NH₂

Kuufanya unga wa UiO-66-NH₂ (fuwele zenye vinyweleo, za vifundo vya zirikoniamu vilivyounganishwa na molekuli zinazong'aa) upoteze mng'ao mbele ya ioni za chuma, Fe³⁺, ni rahisi. Kazi iko katika kujua umezimwa na nini: je, chuma kimeuzima chenyewe, au kimenyonya mwanga tu, yaani kuutia kivuli?

Niliutengeneza kwa miligramu 233 za kloridi ya zirikoniamu na miligramu 181 za asidi ya 2-aminotereftaliki, yaani milimoli 1 ya kila moja, katika mililita 50 za dimethilifomamidi na mililita 3 za asidi ya asetiki; nyuzi 120 za Selsiasi, saa 24. Unatoka manjano hafifu. Niliuosha mara tatu kwa kiyeyushi kilekile, mara tatu kwa methanoli, kila mara nikiuloweka usiku kucha. Usiharakishe hapa: asidi ya aminotereftaliki hung'aa yenyewe majini, na mabaki yake vinyweleoni hutoa mwanga wa uongo. Baada ya kuzungusha sampuli kwenye sentrifuji nilipima maji ya juu. Yaking'aa karibu na nanomita 450, naosha tena.

Kipimo changu ni miligramu 0.1 za unga kwa mililita, dakika 30 za mawimbi ya sauti ili kuutawanya, kisha kuveti (kichupa cha kupimia mwanga) yenye kikorogeo cha sumaku kisichosimama. Bila kukoroga, unga hutuama na mng'ao hushuka kabla hujatia hata tone la chuma. Myeyusho wa Fe³⁺ uwe na asidi, la sivyo hidroksidi hutuama. Asidi hiyohiyo itiwe kwenye sampuli tupu (isiyo na chuma) pia, maana peke yake hubadilisha mng'ao wa kundi la amino. Bafa (kidhibiti asidi) ya fosfati niliikataa kabisa: hushambulia vifundo vya zirikoniamu na kushika chuma chenyewe.

Sasa kivuli. Nilimulika kwa nanomita 365, na Fe³⁺ hunyonya mwanga huo pia. Nilipima unyonyaji A wa myeyusho safi wa chuma (si wa unga, kwani chembe hutawanya mwanga na kukuza A), nikazidisha usomaji kwa 10 kwa kipeo cha (A365 + A450)/2, yaani A kwa nanomita 365 za kumulika na 450 za mng'ao. Jaribio ninaloliamini zaidi ni kuweka kuveti ya chuma peke yake kwenye njia ya mwanga, mbele ya ile ya unga. Mng'ao ukishuka kiasi kilekile, chuma hakijagusa unga wala hakijauzima.

Upungufu uliobaki ndio nauchora, I₀/I (mng'ao bila chuma ukigawanywa kwa mng'ao wenye chuma) dhidi ya ukolezi. Kikomo cha ugunduzi ni mara 3 ya mkengeuko sanifu wa vipimo 10 vya sampuli tupu, ukigawanya kwa mteremko. Mstari ukipinda juu, natumia ukolezi mdogo tu. Sitafuti fomula ya kuunyoosha.