Ijumaa usiku, Floyd

Jana nilipanda tena hadi Floyd, mji mdogo wa milimani kusini-magharibi mwa Virginia. Kinachotuvuta huko ni duka. Kila Ijumaa jioni, Floyd Country Store hugeuka ukumbi: kwanza nyimbo za injili, kisha bendi za dansi. Wazee hubadilisha viatu hapohapo kwenye viti, wakavaa vyenye vibati kwenye soli, na wakishaingia uwanjani visigino vyao ndiyo ngoma. Kiwiliwili hakiyumbi. Kazi yote iko magotini kwenda chini.

Muziki wenyewe wanauita old-time, na haumbembelezi mgeni. Fidla na banjo hupiga wimbo uleule kwa pamoja, gitaa na besi zikishika mapigo. Hakuna zamu ya mtu kujitokeza kuonyesha ufundi wake, kama kwenye bluegrass, muziki ulio jamaa na huu. Kipande cha kwanza mara mbili, cha pili mara mbili, halafu mwanzo, na tena, na tena. Zamani nilikuwa nachoka. Siku hizi nangojea pale ninapoacha kuhesabu mizunguko. Mimi nimekulia kwenye taarab, ambako fidla hulia. Huku inakimbia.

Ila ninayemfuata hasa ni mpiga banjo. Ule uzi wa tano, mfupi, unaoanzia katikati ya shingo, ni wa kidole gumba, nao haunyamazi. Chombo hiki kilizaliwa mikononi mwa Waafrika waliotiwa utumwani, kikiwa kibuyu na ngozi, na hadi leo Wajola wa Senegambia wana ala yao ya nyuzi, akonting, yenye uzi wake mfupi, wakiipiga kwa ukucha kuelekea chini kama hawa wa milimani. Halafu natazama ukumbini, weusi tunahesabika! Miaka ya 1920 kampuni za santuri ziliuza muziki huu kama mali ya wazungu, na wapigaji weusi wengi wakaachwa bila kurekodiwa. Joe Thompson, mpiga fidla mweusi wa Mebane, North Carolina, hakuiweka fidla yake chini kwa sababu hiyo. Vijana weusi wa bendi ya Carolina Chocolate Drops walikwenda kwake kujifunza, na mwaka 2011, mwaka mmoja kabla hajafariki, wakapata tuzo ya Grammy.

Agosti, Mungu akipenda, nitakwenda Galax, mji mwingine wa Virginia, kwenye mashindano ya wapiga fidla yaliyoanza 1935. Washindi wa jukwaani sitawafuatilia sana. Nataka kukaa kwenye mahema, wanakopiga mpaka usiku wa manane bila kumpigia mtu yeyote.