Warsha ya Bahari Iliyopangwa Siku za Bamvua

Aliyepanga tarehe za warsha ile hajawahi kuchokoa pweza. Barua ya mwaliko ilipofika kwenye kibanda chetu cha BMU, kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi, hapa Tanga, mzee wetu mmoja aliisoma mara moja tu, akaanza kuhesabu mwezi kwa vidole. Mwezi kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba. Akanirudishia karatasi. "Hawa wanatuita tukazungumze habari za bahari siku ambazo bahari yenyewe iko wazi," akasema, akaendelea kushona nyavu.

Mtu wa bara hataona tatizo. Mtu wa pwani anajua kwamba siku za bamvua maji yanakupwa mpaka mwamba unachungulia, na wanawake wasio na chombo wala mshipi wanashuka kwa miguu kutafuta riziki. Ukiwaita ukumbini siku hizo, umewaomba wafunge duka siku ya sikukuu. Lakini mimi ni katibu, na katibu akiitwa huenda. Tena, kusema kweli, nilikuwa nataka kuiona Gazi, kijiji cha pwani ya Kenya ilikopangwa warsha. Nimesikia miaka mingi kwamba wenzetu wa Kwale wanauza hewa ya mikoko, na kila anayesimulia huwa amesikia kwa mwingine.

Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami, sina la kulalamikia isipokuwa ndoo ya dagaa iliyowekwa miguuni pangu bila kuulizwa. Balaa lilikuwa mpakani. Wabadilisha fedha walinizunguka kabla sijashuka sawasawa. Niliyekubaliana naye alihesabu mbele ya macho yangu, nami nikahesabu, zikatimia. Nilipokuwa ndani ya matatu nikazitoa tena, nikakuta noti moja imekunjwa katikati, imehesabiwa kichwa na mkia. Kijana wa watu ana vidole vya mcheza karata! Kuanzia hapo kila bei niliyotajiwa niliizidisha kwa ishirini kichwani niipate kwa shilingi za kwetu, na kila nikizidisha moyo unadunda. Chai na mahamri mawili, zidisha. Chupa ya maji, zidisha. Makanga akataja nauli ya hadi Gazi, nikazidisha, nikamwomba arudie.

Njia yenyewe inapendeza. Mashamba ya miwa upande wa Ramisi, kisha minazi na mikorosho, na ndani ya gari watu wanaongea Kidigo kilekile cha kwetu Mkinga. Mama aliyekaa jirani yangu aliniuliza natoka kwa nani, nikataja, tukagundua kwamba shemeji yake amezikwa Moa. Waliochora mpaka ule hawakuuliza nani kaoa wapi. Hata Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui wa Gazi aliyepigana na Waingereza, maji yalipomfika shingoni mwaka 1896 alivuka upande wetu akajisalimisha kwa Wajerumani. Watu wa huku wakizidiwa hukimbilia kule, na wa kule hukimbilia huku.

Nyumba ya wageni tuliyopangiwa niseme kwa ufupi: feni ilikuwa na swichi lakini haikuwa na nia. Chandarua kilikuwa na tundu la kuingiza ngumi, nikaliziba kwa kitambaa cha kichwani. Na chakula! Nilidhani warsha ya bahari itatulisha samaki. Tulikula kuku, na kesho yake kuku, na keshokutwa kuku na chapati, hali wauza samaki wa kukaanga wako mita chache kutoka ukumbini na harufu inaingia dirishani.

Ukumbini tulikuwa mchanganyiko: wavuvi wa Vanga na Shimoni, mama karanga, wale wakaanga samaki, wa hapohapo Gazi, vijana wa hoteli za Diani, maofisa wa uvuvi wa nchi mbili, na sisi wa Tanga na Mkinga. Sababu ya kutukusanya ni ule mpango wa kuwa na eneo moja la hifadhi linalovuka mpaka, kuanzia Diani-Chale mpaka Mkinga, kwa kuwa samaki hana pasipoti. Tukagawanywa katika meza. Mwezeshaji, binti mwerevu mwenye sauti ya redioni, akatugawia kila meza kunde hamsini na picha kadhaa: samaki, mikoko, hoteli, mawimbi yakipiga ukuta wa nyumba, nyasi za bahari, pango la mizimu. Mnajadiliana, mnapanga kunde juu ya picha kadiri mnavyoona kila kitu kina thamani, kisha zinahesabiwa. Eti ndivyo wataalamu wanavyojua bahari ina thamani gani kwa watu wake.

Wanaume wa Vanga hawakujadiliana. Walimwaga nusu ya kunde juu ya samaki, wakaegemea viti. Kijana wa Diani akazibeba kumi akaziweka kwenye hoteli. Wenyeji wa Gazi wakaweka kwenye mikoko, nao walikuwa na hoja: wanajua hesabu yake. Walitueleza jinsi miaka ya 1970 msitu ule ulivyokatwa ukaisha, kuni zikaenda viwandani kuchomea chokaa na matofali, na jinsi watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari, walivyoanza kupanda upya pamoja nao mwaka 1991. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 na kuuza hewa ukaa inayofyonzwa na miti hiyo, tani kama 3,000 kwa mwaka, na fedha zinaingia kwenye vijiji viwili, Gazi na Makongeni. Bomba la maji ni la mikoko, vitabu vya shule ni vya mikoko. Kumbe mti unaweza kulipa kwa kusimama tu! Sikuwa na la kubisha.

Basi, mama mmoja mwenyeji, mtu mzima, leso mbili na miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa kimya muda wote akizichambua picha kama mtu anayechambua mchele. Akazigeuza zote. Akauliza, "Pweza yuko wapi?"

Mwezeshaji akainama kwa adabu. "Pweza yumo ndani ya samaki, mama."

"Ndani ya samaki hayumo. Samaki ni wa mwenye chombo. Pweza ni wa mwenye miguu."

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akachukua picha moja akaiinua. Ilikuwa ya silikanti, sijui ilifikaje kwenye meza yetu, labda kwa heshima ya sisi watu wa Tanga ambao samaki huyo ametupatia hifadhi tangu mwaka 2009. "Huyu nani?" Nikamweleza: samaki wa kale, wataalamu walidhani ametoweka zamani za zamani, mpaka akavuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na kwetu huwa ananaswa kwenye nyavu za vilindini. "Mwamla?" Hatumli, nikasema, nyama yake haifai. Akaiweka picha chini taratibu. "Asiyeliwa ana picha. Anilishaye mimi na wajukuu hana."

Akaigeuza ratiba ya warsha, akaomba kalamu, akamchora pweza mwenyewe. Alifika mguu wa sita karatasi ikaisha. Kisha akanyoosha mkono, akaanza kukusanya kunde: mbili kwa samaki, tatu kwa hoteli, mbili kwa mikoko, bila kuomba ruhusa ya mtu. Hapo ndipo meza ilipowaka. Mvuvi wa Vanga akasema wanawake wanauvunja mwamba kwa vyuma vyao. Mama akamuuliza juya la kukokota linaujenga? Kijana wa hoteli akasema watalii ndio wanaonunua huyo pweza. Mama akamwambia basi nipe tano nyingine, hapo hotelini kwako wamla kwa jina langu. Mwezeshaji akawa anasema "tuheshimiane, tuheshimiane," huku anaandika kwa kasi, na nilimwona anatabasamu.

Katikati ya zogo hilo mzee wa kutoka Moa, niliyesafiri naye, akauliza kama kuna picha ya baruti. Hakukuwa na picha ya baruti. Akazichota kunde tano kutoka kwenye samaki akazitia mfukoni mwa kanzu. Mwezeshaji akamwomba aziweke mezani zihesabiwe. Mzee akakataa. "Hizi ni za mwamba uliopigwa mabomu. Hazihesabiki, hazipo tena."

Waliokulia Tanga watanielewa nikisema kwamba maneno yale yalininyamazisha. Sisi tulikua na ule mlio wa wavuvi wa baruti. Ukiwa darasani unausikia kutoka baharini, dum, mwalimu haachi kuandika ubaoni. Jioni samaki wa bomu wako sokoni, mifupa imevunjika ndani, na tunanunua kwa sababu ni rahisi. Ilichukua mpaka mwaka 2016 na 2017, serikali ilipokaza kamba kwelikweli, ndipo milio ikapungua. Lakini sehemu ambazo bomu lilipiga mara kwa mara zimebaki kifusi, na kifusi kinacholala na kubiringika na mawimbi hakishiki matumbawe mapya hata umri wa mtu upite. Gazi walikata mikoko yao, na leo wamewapandia wajukuu. Mwamba huwezi kuuotesha kwa mche na jembe. Nilikuwa nawaonea kijicho kidogo watu wa Gazi tangu nishuke kwenye bodaboda, na hapo kijicho kikapata jina.

Taarifa ya meza yetu ilipobandikwa ukutani ilisema: jumla ya kunde 45, tano hazikupatikana.

Kesho yake, saa nne asubuhi, ofisa mmoja alikuwa na projekta na maelezo marefu kuhusu Mkataba wa Nairobi wa mwaka 1985, ule wa kulinda bahari na pwani. Nilipogeuka nyuma viti vya wanawake vilikuwa vitupu. Mikoba ilikuwepo, daftari zilikuwepo, wenyewe hawapo. Ofisa alizungumza na wanaume wachache na mimi. Mwezeshaji akatoka nje, akarudi, akazima projekta. "Tufuate darasa lilikokwenda," akasema. Katika warsha zote nilizohudhuria sijawahi kusikia kauli tamu kama ile.

Tukawakuta mbali, upande wa kuelekea Chale, maji yamerudi nyuma kabisa, mwamba uko uchi, wameinama kila mmoja na chuma chake. Mama wa miwani akaniita nimfuate mguu kwa mguu nisikanyage shume, wale wenye miiba. Akasimama mbele ya tundu ambalo mimi ningelipita. Akanionyesha makombe yaliyovunjika yamepangwa mlangoni, safi, bado hayajaota kijani. "Amekula jana," akasema. Akaingiza chuma taratibu, akazungusha, mara mkono wa kahawia ukatoka ukajiviringisha kwenye chuma mpaka kwenye kiganja chake. Akamvuta kwa nguvu moja, akakipindua kichwa ndani nje, na rangi ikamtoka yule mnyama, akageuka mweupe kama karatasi. Nadhani kilo mbili na zaidi. Tundu la pili lilikuwa na mdogo. Alimtazama, akamwacha. Kwetu kanuni inakataza pweza wa chini ya gramu 500, na nimeisoma kanuni hiyo kwenye mikutano kadhaa nikijibiwa kwa miayo. Huyu hakusomewa na mtu.

Tukiwa pale ndipo mazungumzo ya maana yalipofanyika, miguu majini. Nikawasimulia jinsi watu wa Kisiwa Panza, Pemba, wanavyoufunga mwamba miezi kadhaa bila mtu kugusa pweza, na siku ya kufungua inakuwa kama harusi, kwa sababu pweza hukua haraka mno na umri wake ni mfupi. Akina mama wakauliza maswali ambayo ukumbini hakuna aliyeuliza. Nani analinda usiku? Wapiga mbizi wanaotoka mbali wanazuiwa vipi? Na sisi tusio na chombo tutakula nini miezi hiyo, maana mwenye ngalawa atahamia kwingine? Swali hili la mwisho sikuwa na jibu lake, na ofisa wa projekta naye hakuwa nalo, ingawa alikuwa amekunja suruali mpaka magotini na ameanza kuonekana kama binadamu.

Jioni mama alinipa pweza nusu, akakaangwa na mama karanga jirani ya ukumbi. Sikuzidisha kwa ishirini. Siku zilizobaki zilikuwa za maazimio na makabrasha, nami maazimio nimeyasaini.

Warsha inayofuata inatakiwa kuwa upande wetu, Mkinga. Kwenye azimio la saba tumeandika kwamba tarehe ipangwe siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, na ipitie kwanza kwa akina mama, na la nane kwamba pweza awe na picha yake. Waandaaji wamekubali yote mawili. Walichokataa ni nauli yangu ya kurudi. Wanataka risiti. Nilimweleza mhasibu wao kwa simu kwamba makanga wa Lunga Lunga hatoi risiti, na kwamba nilipomwomba aliniandikia kiasi kwenye kipande cha boksi la sigara na kuweka sahihi. Nimekipiga picha nikamtumia. Amejibu kwamba hakina muhuri.