Neno "hadi" na upepo wa Dunga

Nilipomwambia mama kwa simu, Jumamosi moja mchana, kwamba nilikuwa natoka kwenye matanga, aliniuliza papo hapo ni nani aliyefariki. Ilinibidi nimweleze kwamba safari hii matanga yalikuwa ya mashua. Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikijifunza kusafiri kwa tanga huko Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, chini ya mvuvi mzee aliyekubali kunifundisha kwa sharti kwamba nifike kabla jua halijachomoza na nisimletee habari za mitandaoni.

Sharti la pili ndilo lililonishinda. Mimi hutengeneza kompyuta mjini, na kila jioni tukifunga vibanda vyetu tunakaa mafundi watano au sita, chai mkononi, tukibishania habari za teknolojia. Habari iliyodumu kuliko zote katika ubishi wetu ni ile ya meli ya Pyxis Ocean, iliyokodishwa na kampuni ya Cargill, ambayo mwezi Agosti 2023 ilikuwa katika safari yake ya kwanza kutoka China kuelekea Brazil ikiwa na mabawa mawili sitahani, kila moja likiwa na kimo cha mita 37.5. Mabawa hayo, yaliyobuniwa na BAR Technologies ya Uingereza, hufanya kazi ya tanga, ila hayana kitambaa: ni magumu kama bawa la ndege, hugeuzwa kwa mitambo kufuata upepo na hulazwa meli inapoingia bandarini. Vyombo vya habari viliandika kwamba teknolojia hiyo yaweza kupunguza mafuta kwa hadi asilimia 30. Nami, nakiri, nilikuwa mstari wa mbele kutangaza kwamba enzi ya meli za dizeli imekwisha.

Kisha nikakabidhiwa usukani. Siku hiyo upepo wa ziwani uliwahi kuanza, ukivuma kutoka magharibi, na boya la wavu wa mzee lilikuwa upande huohuo wa magharibi. Nikaelekeza omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, moja kwa moja kwenye boya. Tanga likaanza kupigapiga kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, mashua ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma polepole kuelekea kwenye gugumaji tuliyokuwa tumeyakwepa kwa taabu.

"Mzee, mbona hatuendi?"

"Kwa sababu unataka kupita katikati ya upepo. Bisha, kijana wangu. Wewe si hodari wa kubisha huko mjini?"

Kubisha kwa mashua ni kwenda mshazari, kwanza upande mmoja wa upepo, halafu kupindua tanga na kwenda upande wa pili, hadi ufike. Nilipopiga hesabu jioni nilishangaa. Ukikata upepo kwa nyuzi 45 kila upande, kilomita 10 zinakuwa takriban 14. Upepo ni wa bure, lakini njia yake inalipiwa.

Kuna jambo la pili ambalo nisingelielewa kwa kusoma tu. Panda bodaboda siku isiyo na upepo hata kidogo, na bado shati lako litajaa hewa, kwa kuwa mwendo wenyewe unazaa upepo wa usoni. Meli ya mizigo iendayo kilomita 20 na kitu kwa saa ina upepo wa aina hiyo muda wote, nao huchanganyika na upepo halisi na kuuvuta uelekee mbele. Ndiyo maana bawa hufaidi zaidi upepo wa ubavuni, na upepo wa mbele hasa halina la kuufanya. Nikaitafuta upya taarifa ya Cargill ya mwaka 2024, baada ya miezi sita ya majaribio. Wastani wa mafuta yaliyookolewa ulikuwa tani 3 kwa siku, na katika hali karibu na bora kabisa, tani 11. Tani 3 si haba, nami naziheshimu. Lakini umbali kati ya 3 na 11 umefichwa ndani ya neno moja dogo, "hadi", na sisi kwenye chai tulikuwa tukilisoma kana kwamba halikuandikwa.

Mwenzetu mmoja, fundi wa simu, aliuliza kama MV Uhuru, feri ya mabehewa iliyoanza kazi mwaka 1966, ingefaa kutiwa mabawa katika safari zake za Port Bell, Uganda. Nilimjibu kwa yale niliyoyaona. Katika Ghuba ya Winam, ile ya Ziwa Victoria upande wa Kisumu, upepo wa nchi kavu huvuma usiku kuelekea ziwani, nao wa ziwani hurudi mchana, na wavuvi wa tanga hupanga siku yao kwa ratiba hiyo: kutoka alfajiri, kurejea alasiri. Feri haiwezi kungoja hivyo. Ikitoka Kisumu mchana, upepo ungeikabili usoni, na mabawa yangekuwa mzigo tu wa kubebwa.

Hakuridhika. Jumamosi iliyopita akaja Dunga na simu yenye programu ya kupima upepo. Mzee akaitazama, akaiweka ndani ya ndoo pamoja na viatu vyetu, kisha akampa ashike kamba ya demani, ile ya kuvutia na kulegezea tanga. Tuliporejea alasiri viganja vyake vilikuwa vyekundu, na jioni, chai ilipoletwa, aliomba apozewe kwanza kabla hajashika kikombe.