Ukishikwa, angalia saa iliyoandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi

Alhamisi iliyopita mdogo wangu alishikwa stage ya boda hapa Free Area, Nakuru, saa nane mchana, kisa aligombana na kastoma juu ya nauli, kelele zikazidi, landrova ya polisi ikapita ikambeba. Mama akanipigia analia. Nikazunguka vituo viwili kumtafuta mpaka giza likaingia, nikampata cha tatu, na pale deski ya ripoti naambiwa ameandikwa kwa OB saa moja jioni.

Sasa hapo ndipo nataka msome polepole. Katiba yetu kifungu cha 49 inasema ukishikwa ufikishwe kortini ndani ya masaa 24, lakini masaa yakiishia wakati korti imefungwa inasukumwa hadi siku ya korti inayofuata. Hesabu kutoka saa nane, inaisha Ijumaa saa nane, korti iko wazi. Hesabu kutoka saa moja jioni, korti imefungwa, halafu ni wikendi, kijana analala seli mpaka Jumatatu. Yaani masaa matano tu kwa kitabu!

Nilikuwa na bahati, simu ya Mama ilionyesha alinipigia saa nane na dakika ishirini, na vijana wawili wa stage walikuwa wamenifuata. Nikaomba kuongea na OCS, yaani mkuu wa kituo, kwa heshima kabisa, afande naomba namba ya OB na kosa limeandikwa nini. Kuleta fujo. Hilo kosa kifungo chake hakizidi miezi 6, na hiyo hiyo Katiba inasema kosa kama hilo mtu hawekwi rumande. OCS akatazama ile simu, akanyamaza, akasema tulete dhamana ya pesa shilingi 3,000 aachiliwe, aende kortini mwenyewe siku atakayopewa.

Na kumbe kuna mtu hapo nje ya geti alikuwa ashamwitisha Mama elfu tano "ya bondi", bila karatasi yoyote. Wazazi wetu wanatoa tu juu ya uoga, inaniuma sana. Dhamana ya pesa lazima upewe risiti, na kesi ikiisha kama alikuwa anafika kortini pesa unarudishiwa.

Alitoka saa nne usiku, kamba za viatu mkononi, mshipi na simu wakamtolea kwa bahasha akaweka sahihi. Ile risiti Mama ameifungia ndani ya Biblia, hataki hata mimi niishike mpaka kesi iishe.