Nilivyoweka furigana kwenye kurasa za wavuti

Furigana ni herufi ndogo zinazowekwa juu ya kanji (herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina) kuonyesha matamshi yake. Kodi yenyewe ndiyo kazi nyepesi. Neno la kanji linafungwa ndani ya lebo ya HTML iitwayo ruby, matamshi yake yanaingia kwenye lebo ya rt:

<ruby>漢字<rp>(</rp><rt>かんじ</rt><rp>)</rp></ruby>

Hizo rp ni mabano yanayojitokeza pale tu kivinjari kisipoijua ruby. Vya siku hizi vinaijua (Firefox ilichelewa hadi toleo la 38, mwaka 2015), lakini bado naziweka, hazina gharama. Kwenye CSS (kodi ya mwonekano wa ukurasa), rt naiacha kwenye asilimia 50 ya herufi kuu, na aya nzima naipa line-height ya 2. La sivyo mistari yenye furigana inaachana zaidi kuliko isiyo nayo. Usisahau lang="ja". Bila hiyo, simu ya msomaji inaweza kuchora 直 au 骨 kwa umbo la Kichina.

Kuandika matamshi ya makala ndefu kwa mkono ni kujitesa, kwa hiyo natumia MeCab, programu inayokata maandishi ya Kijapani kuwa maneno, pamoja na kamusi ya IPADIC. Kila neno linatoka na maelezo yaliyotenganishwa kwa mkato: chukua la nane, si la tisa. La nane ni tahajia ya kana, yaani herufi za silabi za Kijapani (トウキョウ), la tisa ni neno linavyosikika (トーキョー), na furigana hufuata tahajia. Yote yako kwa katakana, aina moja ya kana, wakati furigana kwa kawaida huandikwa kwa aina nyingine, hiragana. Punguza 96 kwenye namba ya Unicode ya kila herufi upate hiragana, ila alama ー ya kurefusha irabu iache ilivyo.

食べる itarudi たべる nzima. Linganisha mwisho wa neno na mwisho wa matamshi, kata べる inayofanana (tayari ni hiragana, haihitaji furigana), た ibaki peke yake juu ya 食. Ila usilazimishe kugawa kanji kwa kanji: 大人 husomwa おとな, na hakuna silabi hapo unayoweza kusema ni ya 大 au ya 人.

Kinachokula muda hasa ni kukagua. 今日 yaweza kuwa きょう au こんにち. 上手 ni じょうず, うわて au かみて. Majina ya mahali ndiyo balaa: 日本橋 ya Tokyo ni にほんばし, ya Osaka ni にっぽんばし, na programu haijui unazungumzia mji gani. Nina faili la masahihisho linalosomwa kabla ya MeCab, na bado kila ukurasa lazima upitiwe na macho ya mtu.

Kama tovuti ina kisanduku cha kutafutia, ondoa rt na rp kabla ya kuingiza maandishi kwenye faharasa. Yakiingia 漢字(かんじ)検定, anayetafuta 漢字検定 hapati kitu.