Nilivyopima uasidi wa asidi ya aljiniki yenye vitundu bila kuiunguza

Waliozoea zeolaiti wana ushauri mmoja kwa kila anayetaka kupima uasidi wa uso wa kitu: ifikishie sampuli mvuke wa piridini (kimiminika chenye besi kinachoshika sehemu zenye asidi), ipashe joto hadi nyuzi 200 au zaidi ili piridini isiyoshika sawasawa iondoke, kisha soma kilichobaki kwa miale ya infraredi. Zeolaiti ni madini, hustahimili. Mimi nilikuwa na asidi ya aljiniki, polisakaridi (mnyororo mrefu wa sukari) ya mwani wa kahawia (si ule mwekundu unaolimwa Zanzibar, ambao hutoa karajinani), niliyoifanya jeli na kuikausha baada ya kubadilisha maji yake kwa ethanoli ili vitundu visiporomoke. Niliufuata ushauri huo kwa heshima ya aliyeutoa. Sampuli nyeupe ikatoka na rangi ya kahawa, nami nikawa ninapima uasidi wa makaa.

Mwingine alinisisitizia kidonge cha bromidi ya potasiamu, yaani kuchanganya sampuli na chumvi hiyo na kuishindilia ili isomwe kwa infraredi, kana kwamba vitundu nilivyovihangaikia vingepona chini ya shinikizo la tani kadhaa. Niliuacha unga bila kuushindilia, nikausoma kwa miale inayotawanyika.

Kilichofaulu ni subira. Niliifungia sampuli kavu pamoja na kichupa cha piridini kilicho wazi ili ifikiwe na mvuke pekee, nikaivuta kwa pampu ya ombwe katika joto dogo, nikatoa wigo wa infraredi (mchoro wa bendi za miale inayofyonzwa) wa kabla kutoka katika wigo wa baada. Bendi ya 1540 kwa sentimita ilisimama wazi: piridini imepokea protoni, yaani huo ni uasidi wa Brønsted. Sikuridhika na shahidi mmoja. Protoni ikitoka kwenye kundi la kaboksili, bendi yake ya 1735 lazima ipungue na za kaboksilati (kaboksili iliyopoteza protoni) zizaliwe. Kwa kuwa karibu na 1600 piridini nayo ina bendi yake, niliamini zaidi ile ya karibu na 1410. Hesabu zikakubaliana, na nakiri nilitembea kifua mbele wiki nzima.

Kuhusu 1450, msikimbilie kutangaza uasidi wa Lewis, yaani ule wa kupokea jozi ya elektroni badala ya kutoa protoni. Polisakaridi zimejaa hidroksili, na piridini iliyoshikwa kwa bondi za hidrojeni hujitokeza jirani kabisa, karibu na 1440. Bendi hiyo ikikataa kuondoka, chunguzeni kwanza mabaki ya kalsiamu, ambayo nayo huweza kushika piridini.

Piridini hunuka vibaya na hushika moto, kwa hiyo kila kitu kilifanyika ndani ya kabati la kuvuta hewa. Kichupa kimoja kilitosha kazi yote. Kilichokula fedha ni naitrojeni kavu.