Siku yangu na akina mama wa kiwandani, Changamwe

Saa 11 alfajiri. Adhana inanikuta nikijifunga leso. Kutoka Likoni, feri ndiyo hupanga siku yangu, kisha matatu hadi Changamwe.

Saa 1 na nusu. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kiwanda cha nguo. Kabla ya dawa na daftari, nafungua chumba cha kunyonyesha: viti viwili, sinki, friji ndogo, mlango wenye komeo. Friji naikagua kwanza. Maziwa yaliyokamuliwa yakikaa nje, mwisho wake ni muda wa saa nne, na kwa joto letu la Mombasa mimi siyaachi hata nusu ya hapo.

Saa 4. Anaingia mama aliyerudi kazini juzi. Likizo ni miezi mitatu, na mtoto anatakiwa anyonye maziwa ya mama pekee hadi miezi sita. Hiyo mitatu iliyobaki ndiyo inayotutesa. Sare yake imelowa kifuani. "Sista, nimeambiwa ningoje chakula cha mchana." Nagusa ziwa, gumu kama dafu, yeye anauma meno. Namkanda kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, taratibu, kutoka kwapani kuja kwenye chuchu. Tone la kwanza. La pili. Kisha yanaruka yenyewe kikombeni, naye anaanza kulia. Namwacha alie.

Saa 6. Namwendea supavaiza wake. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua, mbali na mapumziko ya chakula, hadi saa moja kwa kila saa nane, na muda huo unahesabiwa kuwa ni kazi. Supavaiza ananionyesha tageti ya laini yake. Namwelewa, kwa kweli. Mama akiondoka, mashine inalala na nguo zinarundikana kwa mwenzake. Chumba tunacho, kinachokosekana ni mtu wa kushika ile mashine dakika ishirini. Tunabishana mpaka anakubali msichana wa akiba amshikie, saa 4 na saa 9.

Alasiri ni vidonda na presha, kama kawaida.

Saa 11 jioni. Chupa mbili, kila moja na plasta yenye jina na saa, nazipanga kwenye barafu. "Mwambie bibi yake amnyweshe kwa kikombe, asiharakishe." Anazifunika kwa mtandio na kukimbilia matatu ya Mikindani.